Namna ya Kupima Ubora wa Almasi ya Princess Kabla Hujalipa

Ukinunua almasi ya duara, cheti cha maabara kinakufanyia kazi kubwa. Kuna mstari ulioandikwa Cut (mkato), na mbele yake neno kama Excellent au Good, basi unajua umesimama wapi. Ukinunua almasi ya princess, ile ya mraba yenye pembe nne kali, mstari huo huukuti. GIA, maabara ambayo vyeti vyake vinaaminiwa sana sokoni, ilianza kutoa daraja la mkato mwaka 2006, na ilifanya hivyo kwa almasi za duara. Princess inapewa daraja la rangi, la usafi, la ung'arishaji na la ulinganifu. Swali kubwa kuliko yote, kama jiwe linaurudisha mwanga kwenye macho yako au linaumwaga chini, unaachiwa wewe.

Matokeo yake ni kwamba almasi mbili za princess zinaweza kuwa na vyeti vinavyofanana, uzito wa karati 1.00, rangi G, usafi VS2 (daraja la kati kwenye ngazi ya usafi), halafu ukiziweka pamoja moja inawaka na nyingine imekaa kama kipande cha chupa. Muuzaji anaweza kuzitoza bei ileile. Msimamo wangu ni huu: kwenye princess, cheti ni cha kuchuja mawe, na macho yako ndiyo ya kuamua. Kuyafundisha macho hayo si kazi ngumu, na mtu yeyote anaweza kujifunza kabla hajaingia dukani.

Kwa nini princess nyingi hukatwa vibaya

Almasi ghafi iliyokua vizuri mara nyingi ina umbo la piramidi mbili zilizounganishwa vitako. Mkataji akiigawa karibu na katikati anapata piramidi mbili, na kila moja tayari inakaribia umbo la princess: mraba juu, ncha chini. Ndiyo maana mkato huu unapoteza jiwe kidogo. Almasi ya duara huweza kubakiza nusu ya uzito wa jiwe ghafi au pungufu ya hapo; princess hubakiza zaidi. Wakataji walitafuta kwa miaka mingi namna ya kulifanya jiwe la mraba limetemete kama la duara. Basil Watermeyer wa Johannesburg alibuni mkato wake wa Barion mwaka 1971, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 Betzalel Ambar na Israel Itzkowitz wakaja na mkato wa mraba unaofanana sana na princess tunayoijua leo.

Unafuu huo unamfikia mnunuzi, kwani kwa kawaida princess ina bei ya chini kwa kila karati kuliko duara la rangi na usafi uleule. Lakini mtego nao uko hapohapo. Almasi inauzwa kwa uzito. Mkataji akiliacha jiwe nene upande wa chini anapata karati nyingi zaidi za kuuza, na wewe unalipia uzito uliofichwa ndani ya pete ambako hakuna anayeuona. Jiwe zuri la karati 1.00 lina upana wa takriban milimita 5.5. Lililoachwa nene linaweza kuwa na milimita 5.25 tu, na kina chake kikapita asilimia 80 ya upana. Mizani inasema yako sawa. Kidoleni, la pili ni dogo kwa macho, na kwa kawaida linakuwa pia na giza.

Msomaji wa Tanzania pengine anaijua ile almasi ya waridi ya Mwadui, Shinyanga, aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947 na John Williamson, mwenye mgodi. Ingawa neno princess maana yake ni binti mfalme, mkato huu haukutokana na jiwe lile. Lile lilikatwa duara, likabaki na karati 23.6 kutoka 54.5 za jiwe ghafi.

Majina manne tutakayotumia

Eneo bapa lililo juu kabisa, mraba mkubwa unaoutazama, tuliite bapa la juu. Sehemu inayoteremka kutoka bapa hilo hadi kwenye upana mkubwa wa jiwe ni taji. Ukingo mwembamba unaolizunguka jiwe pale kwenye upana huo ni mkanda. Kila kilicho chini ya mkanda hadi kwenye ncha ni tumbo. Mwanga unaingia kupitia bapa na taji, unagonga nyuso za tumbo, unarudishwa upande wa pili, kisha unatoka tena juu. Nyuso za tumbo zikiwa na mwinamo usiofaa, mwanga unapenya na kutokea chini. Hapo ndipo jiwe linapokufa.

Hatua ya 1: Amua pesa iende wapi

Kabla ya kwenda sokoni andika kiwango chako cha mwisho, halafu upange vipaumbele. Mimi ninashauri mpangilio huu: mkato kwanza, kisha usalama wa pembe, kisha ukubwa, na rangi na usafi vifuate. Watu wengi wanapanga kinyume. Wanalipa pesa nyingi kwa usafi wa VVS1 ambao jicho haliuoni, halafu wanapokea jiwe lisilo na uhai.

Kuna akiba nyingine kwenye uzito. Bei huruka kwenye namba zinazopendwa, hasa karati 0.50, 1.00, 1.50 na 2.00. Jiwe la karati 0.92 lenye mkato uleule lina upana wa karibu milimita 5.35. Tofauti yake na la 1.00 ni milimita 0.15, ambayo kidoleni haionekani, lakini kwenye bei inaonekana vizuri sana.

Hatua ya 2: Soma cheti kwa ajili ya kuchuja

Kubali cheti cha maabara inayojitegemea, kama GIA, IGI au HRD Antwerp. Cheti kilichochapwa na duka lenyewe ni tangazo la biashara. Chukua namba ya cheti, fungua tovuti ya maabara kwa simu yako mwenyewe, uiingize namba hiyo na ulinganishe kila kitu na karatasi uliyopewa. Usibonyeze kiungo alichokutumia muuzaji.

Anza na mstari wa umbo. Princess huandikwa Square Modified Brilliant, au Rectangular Modified Brilliant kama ni ndefu kidogo. Ukiona maneno Cut-Cornered mwanzoni, hilo ni jiwe lililopunguzwa pembe, kwa kawaida la mkato mwingine uitwao radiant.

Kisha vipimo. Tuchukue mfano wa cheti kinachosema 5.52 x 5.46 x 3.97 mm. Gawanya urefu kwa upana: 5.52 kwa 5.46 ni 1.01, na hilo jicho linaliona ni mraba. Hadi 1.05 bado ni mraba. Ikizidi hapo utaanza kuona mstatili, na hilo ni suala la kupenda. Gawanya kina kwa upana: 3.97 kwa 5.46 ni asilimia 72.7. Mimi huanza na mawe yenye kina cha kati ya asilimia 68 na 76, na bapa la juu la kati ya 65 na 75. Napendelea bapa liwe na asilimia ndogo kuliko kina. Bapa likiwa kubwa mno, kwa mfano 80, maana yake ni kwamba taji limebaki jembamba sana, na zile cheche za rangi za upinde wa mvua zinapungua.

Namba hizi ni wavu tu. Ndani yake kuna mawe mabaya yatapita, na nje yake kuna machache mazuri yatabaki. Ukiweza kumwomba muuzaji skani ya jiwe iliyotoka kwenye mashine ya vipimo ya kampuni ya Sarine, utapata pia kimo cha taji, ambacho cheti cha GIA cha princess hakikionyeshi. Tafuta taji la kuanzia asilimia 10.

Mistari ya Polish (ung'arishaji) na Symmetry (ulinganifu) iwe Very Good au Excellent. Mstari wa Girdle unahusu mkanda: kataa Extremely Thin kwa sababu mkanda mwembamba mno ni hatari kwa pembe, na uwe na shaka na Extremely Thick kwa sababu ni uzito uliofichwa. Kwenye Fluorescence, yaani mng'ao wa jiwe chini ya miale ya urujuanimno, None na Faint hazina tatizo, na Medium kwa kawaida haina. Strong na Very Strong lazima uione kwa macho, maana baadhi ya mawe hayo huonekana kama yana ukungu wa maziwa juani.

Shuka hadi kwenye maoni madogo chini, ambako wengi hawafiki. Ikiandikwa kwamba daraja la usafi limetokana na mawingu, yaani makundi ya vidoa vidogo sana, ambayo hayakuchorwa, jiwe linaweza kuwa na utusitusi kote. Kwenye mchoro wa kasoro, wekundu ni kasoro za ndani na kijani ni za nje. Angalia kama kuna alama yoyote karibu na pembe. Cheti kifupi cha GIA kiitwacho Dossier, kinachotolewa kwa mawe ya chini ya karati 2, hakina mchoro huo. Basi hapo kazi yote ni ya lenzi.

Hatua ya 3: Omba jiwe likiwa halijafungwa kwenye pete

Jiwe lililofungwa tayari linaficha mengi. Kucha za pete, vile vishikio vya chuma vinavyolibana jiwe, hufunika pembe zilizovunjika, dhahabu ya njano huficha rangi, na tumbo la jiwe huwezi kuliona. Kama duka lina pete zilizokamilika tu, omba walau upigiwe picha za jiwe kabla halijafungwa, na bei ishuke kulingana na usichoweza kukikagua.

Omba lifutwe kwa kitambaa laini mbele yako, kisha lishikwe kwa kibano. Almasi inavuta mafuta ya vidole, na jiwe zuri lililoshikwashikwa mchana kutwa linaonekana limezimika. Ukilihukumu hivyo utalionea.

Hatua ya 4: Lipime kwenye mwanga wa aina tatu

Hapa ndipo ununuzi wenyewe ulipo, na hapa usikubali kuharakishwa.

Taa za duka la sonara ni vijitaa vidogo vikali vinavyomulika kutoka juu. Chini ya taa hizo kila kitu kinameta, hata zirkoni, jiwe bandia linaloigiza almasi. Zitumie kuona cheche za rangi, basi. Usitoe uamuzi wowote chini yake.

Mwambie muuzaji kwa upole: "Kaka, naomba tusogee nalo mlangoni, nilione kivulini." Muuzaji anayejua kazi yake atakubali, yeye au mlinzi wake mkisogea pamoja. Akikataa kabisa, na hakuna hata dirisha la kusogelea, toka. Kivuli chenye mwanga wa mchana, si jua la moja kwa moja, ndicho kinachosema ukweli. Liweke jiwe kwenye mkunjo wa karatasi nyeupe, bapa likitazama juu, umbali wa kama sentimita 30 kutoka machoni. Usiinamie karibu zaidi, kwa sababu kichwa chako kitaziba mwanga na kulitia giza.

Sasa litazame lote, halafu pembe moja moja. Princess iliyokatwa vizuri inawaka mpaka pembeni. Iliyokatwa vibaya ina nuru katikati tu, na pembe zake zimepooza, au kinyume chake, pembe zinawaka na katikati kuna kiza. Linyanyue kwa kibano, uliinamishe polepole kulia, kushoto, mbele, nyuma. Utaona vipande vyeusi na vyeupe vikibadilishana nafasi, mara nyingi katika umbo la X. Weusi huo ni wa kawaida, na bila huo jiwe lisingemetameta. Unachotafuta ni kubadilishana: palipokuwa peusi pawake ukiligeuza. Mahali panapobaki peusi au kijivu upande wowote utakaoliinamisha, mwanga unapotea hapo.

Kipimo cha pili ni cha uvujaji. Weka jiwe juu ya karatasi nyekundu, bapa juu, ulitazame kutoka juu kabisa. Almasi inayorudisha mwanga haikuonyeshi kilicho nyuma yake. Wekundu ukionekana wazi katikati ya jiwe, mwanga unapita moja kwa moja, na jiwe hilo halifai kwa bei yoyote ya maana. Vijisehemu vyembamba vya wekundu kwenye kingo, hasa ukiliinamisha, princess nyingi zinavyo na si kosa.

Mwanga wa tatu ni hafifu: kona ya duka iliyo mbali na taa, au nyuma ya pazia. Pete inavaliwa jioni pia. Jiwe zuri hapo huwa tulivu lakini bado linatupa cheche kubwa kubwa za hapa na pale.

Wakati unatazama, chunguza mpangilio wa nyuso za tumbo. Ukitazama kutoka chini utaona nyuso zenye umbo la V zikipangana kutoka ncha kuelekea kila upande. Mawe mengine yana safu mbili za V, mengine tatu au nne. Safu chache hutoa mimweko mipana, na kwenye jiwe dogo la chini ya karati moja hiyo inapendeza zaidi, kwa sababu mimweko midogo mno jicho haliitenganishi. Safu nyingi zinafaa kwenye jiwe kubwa. Kwa vyovyote ziwe sawa pande zote nne. Upande mmoja ukiwa na V zilizopinda, hata mwanga utapinda.

Njia bora ya kuyaamini macho yako ni kulinganisha. Omba mawe matatu ya uzito unaokaribiana, usiulize bei, na uende na mtu asiye na haya ya kusema anachokiona, dada yako au shangazi. Kila mmoja achague peke yake. Mkishakubaliana, ndipo muulize bei. Mara nyingi linaloshinda si lenye cheti cha juu.

Kwa wanaonunua mtandaoni, dai video ya jiwe likizunguka na picha ya ASET. Picha hiyo hupaka rangi mwanga kulingana na unakotoka. Nyekundu ni mwanga mkali unaorudishwa vizuri, kijani ni ule unaotoka chini zaidi, buluu ni eneo linalozibwa na kichwa cha mtazamaji, na nyeupe au nyeusi, kutegemea kifaa, ni uvujaji. Unataka nyekundu nyingi, iliyosambaa kwa ulinganifu hadi kwenye pembe.

Hatua ya 5: Kagua pembe nne kwa lenzi

Almasi ina ugumu wa 10 kwenye kipimo cha Mohs, na hilo huwafanya watu wadhani haivunjiki. Ugumu huo ni wa kutokwaruzwa. Ndani yake almasi ina mielekeo minne ambayo ikigongwa sawasawa inapasuka kwa unyoofu, na pembe kali za princess ndiyo sehemu iliyo wazi zaidi kwa pigo la namna hiyo. Mlango wa gari, sinki la jikoni, kitasa cha mlango: pembe moja ikimeguka, thamani ya jiwe imeporomoka, na kulikata upya kunaondoa uzito mwingi.

Tumia lenzi ya sonara ya mara kumi. Ni ya bei nafuu, nunua yako. Isogeze mpaka karibu iguse nyusi, macho yote mawili wazi, kisha ulilete jiwe kwenye lenzi mpaka lionekane wazi, kama sentimita mbili na nusu. Kutanisha mikono yako ili isitetemeke.

Anza na pembe ya kwanza: itazame kutoka juu, kutoka ubavuni, kisha kutoka chini. Inapaswa kuishia kwenye ncha safi. Ncha iliyopunguzwa kidogo sana kwa makusudi na kung'arishwa ni sawa, kwani wakataji hufanya hivyo kuilinda. Usilolitaka ni shimo lenye uso wa ngazi ngazi unaometa kama kioo kilichomeguka. Halafu tafuta nyufa. Ufa huonekana kama unyoya mweupe, ukiinamisha jiwe unawaka na kuzimika. Ufa mdogo ulio katikati ya jiwe, usiofika nje, unaweza kuishi nao. Ufa unaofika juu ya uso karibu na pembe, kataa, hata kama cheti kinasema VS1. Sonara atakapobana kucha za pete, nguvu itaangukia papo hapo.

Zungukia pembe zote nne hivyohivyo, halafu ufuate mkanda kutoka pembe hadi pembe. Ukiwa hapo, tafuta namba iliyochorwa kwa leza. Ilingane na ya cheti, tarakimu kwa tarakimu.

Hatua ya 6: Rangi na usafi

Rangi inapangwa kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z yenye umanjano. Ligeuze jiwe bapa chini juu ya karatasi nyeupe, ulitazame kutoka ubavuni, likiwa karibu na lingine lenye daraja unalolijua. Kwenye princess umanjano hujikusanya pembeni, hivyo tazama huko. Kwa pete ya dhahabu nyeupe au platinamu, G na H zinatosha na I inawezekana. Kwa dhahabu ya njano unaweza kushuka mpaka J au K bila mtu kugundua, na pesa iliyobaki ukaipeleka kwenye mkato.

Sisi tuliozoea tanzanaiti tunaweza kupotoka hapa. Tanzanaiti inasifiwa kwa kina cha rangi yake, kwa hiyo jicho linazoea kutafuta rangi kwanza. Almasi nyeupe inahukumiwa kwa mwanga.

Usafi usikusumbue sana. Nyuso nyingi za princess huficha kasoro ndogo, na VS2 kwa kawaida haionyeshi kitu kwa jicho tupu. SI1 nyingi pia hazionyeshi. Kasoro nyeusi iliyokaa katikati ya bapa ni mbaya kuliko nyeupe iliyo pembeni ya mkanda. Uliza pia kama jiwe limejazwa nyufa kwa kimiminika cha kioo au limetobolewa kwa leza ili kuondoa doa. Jiwe lililojazwa linaweza kuharibika siku sonara atakapolipasha moto, na GIA haitoi daraja kwa jiwe la namna hiyo.

Hatua ya 7: Hakikisha ni almasi, na ujue ilikotoka

Kupuliza pumzi, kukwaruza kioo, kutumbukiza majini: achana navyo. Kukwaruza kioo kwa princess ni kuweka pembe rehani bure. Kijaribio cha joto kinachoguswa kwenye jiwe kinaikamata zirkoni, lakini moisanaiti, jiwe jingine linaloigiza almasi, hukipita. Inahitajika mashine inayopima umeme pia. Kwa lenzi, itazame tumbo la jiwe kupitia taji kwa kuliinamisha: kwenye moisanaiti kingo za nyuso huonekana mbili mbili, kwenye almasi huonekana moja. Zirkoni utaikamata kwa mizani, kwani yenye upana wa milimita 5.5 itavuta zaidi ya karati 1.5.

Almasi ya maabara ni suala jingine. Hiyo ni almasi kweli, kaboni ileile iliyokuzwa kwa shinikizo na joto au kwa gesi, na lenzi haiwezi kuitofautisha. Bei yake imeshuka sana na iko mbali chini ya ile ya asili. Kununua jiwe la maabara kwa kujua si tatizo hata kidogo. Kuuziwa la maabara kwa bei ya asili ni wizi. Neno Laboratory-Grown lazima liwe kwenye cheti, na neno "asili" au "maabara" lazima liandikwe kwenye risiti yako.

Na kama mtu atakufuata mtaani na kikaratasi chenye almasi ghafi "kutoka Mwadui" au "kutoka Mbuji-Mayi" kule Kongo, akisema utaikata mwenyewe iwe princess, mwambie hapana. Kumiliki na kuuza almasi ghafi bila leseni ni kosa kisheria, kusafirisha kunadai cheti cha Mchakato wa Kimberley, mpango wa kimataifa wa kuzuia almasi za vita, ulioanza mwaka 2003, na uwezekano mkubwa ni kwamba ni kwazi au kioo.

Hatua ya 8: Pete ya kulilinda

Kila pembe ya princess ifunikwe na kucha yenye umbo la V, inayoishika pande mbili na kuacha ncha ikiwa imejificha ndani. Kucha za mviringo za kawaida zinazoshika ubavuni na kuacha pembe nje hazitoshi. Kwa mtu anayefanya kazi za mikono, kama muuguzi au mpishi, fremu ya dhahabu inayolizunguka jiwe lote ni bora zaidi, ingawa inapunguza mwanga kidogo pembeni.

Hatua ya 9: Malipo na karatasi

Ukinunua Deira, Dubai, ambako wengi wetu tunakwenda, dai hesabu itenganishwe: dhahabu kwa gramu kwa bei ya siku hiyo, ufundi peke yake, jiwe peke yake. Bei ikiwa moja ya jumla, huwezi kujua ni wapi unapunjwa. Kodi ya ongezeko la thamani huko ni asilimia 5, na mtalii anaweza kurudishiwa sehemu kubwa kwenye maduka yaliyosajiliwa, mradi aombe huduma hiyo dukani kabla ya kuondoka. Ukifika nyumbani, tangaza mzigo wako forodhani. Risiti iliyotenganishwa itakusaidia hapo pia.

Risiti iwe na namba ya cheti, uzito hadi tarakimu mbili baada ya nukta, rangi, usafi, asili ya jiwe, na siku za kurudisha. Siku hizo zitumie: mpelekee sonara mwingine asiye na maslahi, umlipe akukagulie.

Jiwe likishafungwa, kabla hujatoka dukani, chukua tena lenzi yako. Soma namba ya leza kama kucha hazijaifunika, kagua pembe nne upya, na uguse kila kucha kwa ncha ya kibano kuona kama inacheza. Pembe iliyomeguka wakati wa kufunga ni deni la fundi ukiigundua pale kaunta, na ukiigundua nyumbani ni neno lako dhidi ya lake. Baada ya hapo, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini kila mara jiwe linapofifia, na kucha zikaguliwe na sonara kila miezi 6.